Mataruma Mia Moja

Stesheni ya Moshi, Jumamosi, saa tatu asubuhi.
Treni haiji leo; reli ni yetu.

Jua ni huu ungo, nimeutundika kwenye nguzo ya kengele.
Ni wa mama. Alipepetea ulezi miaka thelathini,
panya wakaula ukingo.
Msiucheke: hata Jua lenyewe lina madoa.

Sharti ni moja tu. Hesabu mataruma.
Usiruke hata moja.

Thelathini na tisa: Utaridi,
punje ya ulezi juu ya kifuniko cha soda.

Sabini na mbili: Zuhura, punje ya mbaazi.
Ndiyo hiyo unayoiona jioni ukifungia kuku,
iking'aa hata ukadhani kwao kuna neema.
Kuna joto la kuyeyusha risasi.

Mia moja. Simameni.

Buni moja ya kahawa, imekobolewa.
Hapa ndipo.
Kibosho, Dar, Uchina, bahari zote,
deni la chama cha msingi, kaburi la baba.
Geukeni muutazame mlima, leo umevua mawingu.
Haya, papaseni buni.
Kibo haipo. Kidole hakijikwai popote.

Sasa pima shubiri moja kutoka kwenye buni:
punje nyingine ya ulezi, Mwezi.
Binadamu wote waliowahi kuzaliwa,
na mwisho wa nyayo zetu ni hapo,
shubiri moja.

Nderingo, ameegesha bodaboda yake, anauliza:
"Na nuru, kwa kipimo hiki, inakimbiaje?"
Namwonyesha mtoto wa Aikande muuza karanga,
anayetambaa kwenye kokoto.
Hivyo. Dakika nane toka ungoni mpaka hapa.
"Basi mimi naishinda nuru!"
Hapa tu, Nderingo. Hapa tu.

Mia hamsini na mbili: Mirihi, mtama mwekundu.
Wiki iliyopita kuku wa mlinzi aliidonoa,
kwa hiyo leo nina akiba mfukoni.
Huko kuna vigari visivyo na dereva,
vinachokonoa vumbi na kutuma picha nyumbani.

Kisha ugoro kidogo nilioumwaga kwenye reli:
mawe, mengi, yasiyo na kwao.
Kisha hakuna kitu.
Hakuna kitu.
Mtu anapiga miayo. Ni sawa, hata mbingu ndivyo zilivyo,
sehemu kubwa ni kutembea.

Mia tano na ishirini: Mshtarii, sayari kuu kuliko zote, chungwa.
Yamebaki maganda.
Nani amekula Mshtarii?
Kijana mmoja anajifuta kidevu, anatazama mawingu.

Mia tisa hamsini: Zohali, limau.
Pete nimeikata kwenye boksi la sabuni.
Hapa wengi hukumbuka wana njaa, hurudi mjini.
Sijawahi kumlaumu mtu.

Tunabaki watatu: mimi, Nderingo,
na Bi Ndelilio wa dagaa, aliyeacha kapu kwa mlinzi.
Elfu moja mia tisa na kumi na sita, Uranusi: zambarau.
Elfu tatu, Neptuni: zambarau ya pili.
Jasho. Mbigili kwenye pindo za kanga.

"Ungo uko wapi?" Bi Ndelilio anauliza.
Nampa darubini. Anatafuta muda mrefu.
"Kile kitone? Jua hilo halikaushi dagaa."

Nawaambia kuna chombo kimoja, hakina mtu,
kilirushwa nikiwa sijajua kusoma.
Kwa hesabu hii kimeshavuka Weruweru, na bado kinakwenda,
kinanong'ona, na sisi tunategea sikio.
Na nyota ya jirani?
Reli hii ingezunguka nusu ya dunia, dunia hii ya kweli,
ndipo ufike mlangoni kwake.

Nderingo hasemi kitu kuhusu kuishinda nuru.

Kurudi, hakuna anayehesabu.
Ila penye mia moja Bi Ndelilio anasimama bila kuambiwa.
Anainama, mkono kiunoni,
anaiokota ile buni,
anaipuliza vumbi,
anairudisha mahali pake.